Pima udongo kwanza, mbolea ununue baadaye

Na Mwandishi Wetu

KATIKA maduka ya pembejeo ya Mbeya, Songea, Njombe na Sumbawanga, msimu wa kilimo huanza kwa swali moja: mbolea inauzwa bei gani mwaka huu? Ni swali la haki. Kwa mkulima mdogo wa mahindi, mfuko wa mbolea mara nyingi ndio gharama kubwa kuliko zote anazolipa kwa fedha taslimu. Lakini lipo swali jingine ambalo huulizwa mara chache, nalo ndilo linaloamua kama fedha hiyo itarudi na faida au itapotelea ardhini: udongo wa shamba lako unahitaji nini?

Wakulima wengi hulalamika kwamba mbolea ya siku hizi haina nguvu. Wanasema zamani mfuko mmoja ulitosha, leo hata miwili haitoshi. Wengine huamini kuwa imechakachuliwa. Ni kweli mbolea bandia imewahi kuwaliza watu, na ndiyo maana Sheria ya Mbolea ya mwaka 2009 iliunda Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania (TFRA). Hata hivyo, mara nyingi mfuko wenyewe ni mzima. Kilichochoka ni udongo unaoupokea.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika Nyanda za Juu Kusini. Mikoa hii, kuanzia Iringa na Njombe, Mbeya na Songwe, hadi Rukwa, Katavi na Ruvuma, ndiyo ghala la mahindi la nchi. Udongo wake ukidhoofika, hasara haiishii kwa mkulima. Inamfikia mwenye mashine ya kusaga, dalali wa sokoni, mwenye lori na mlaji wa Dar es Salaam.

SHAMBA NI KAMA DUKA

Tuchukue mfano wa ekari moja iliyotoa magunia 20 ya kilo 100, yaani tani mbili za mahindi. Kila tani ya punje huondoka shambani na takribani kilo 15 za naitrojeni, pamoja na fosforasi, potasiamu, salfa, zinki na virutubishi vingine kwa viwango vidogo zaidi. Kwa hiyo magunia hayo 20 yamebeba kama kilo 30 za naitrojeni.

Sasa tuangalie kilichoingia. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Mfuko wa DAP wa kilo 50 una kilo 9. Jumla ni kilo 32. Kwa haraka mtu anaweza kusema hesabu imekaa sawa.

Haijakaa sawa. Kwanza, si naitrojeni yote ya kwenye mfuko inayofika kwenye mizizi. Urea iliyonyunyizwa juu ya udongo bila kufukiwa hupotea hewani ikiwa gesi, na nyingine huzama chini na maji ya mvua mahali ambapo mzizi wa mahindi haufiki.

Pili, sehemu kubwa ya potasiamu ya mmea wa mahindi imo katika mabua, si katika punje. Mabua yakichomwa, naitrojeni na salfa yake huenda na moshi. Yakisombwa kulisha ng'ombe na samadi isirudi, shamba limevunwa mara mbili.

Tatu, urea na DAP hazina potasiamu, hazina salfa, hazina zinki wala boroni. Anayetumia hizo mbili peke yake miaka nenda miaka rudi ni sawa na mwenye duka anayejaza sukari na chumvi kila wiki, huku unga, mafuta na sabuni vikiisha bila yeye kuangalia rafu. Siku moja wateja wataacha kuja, naye atailaumu sukari.

Nne, na hili ndilo kubwa, kuna kitu ambacho hakimo katika mfuko wowote wa mbolea ya viwandani. Nacho ni mboji, yaani mabaki ya mimea na wanyama yaliyooza na kuchanganyika na udongo. Mboji ndiyo inayoshika maji jua linapowaka, inayozuia virutubishi visichukuliwe na mvua, na inayowalisha minyoo na viumbe vidogo vinavyoufanya udongo upumue. Udongo usio na mboji hupokea mbolea kama kapu linavyopokea maji.

Ushahidi wa jambo hili upo hapa hapa Afrika Mashariki. Huko Kabete, kando ya Nairobi, watafiti wa Kenya walianzisha mwaka 1976 jaribio la muda mrefu katika mashamba ya mahindi na maharage. Vipande vingine vilipewa mbolea ya viwandani, vingine samadi, vingine vyote viwili, na vingine havikupewa kitu. Mabua nayo yaliachwa katika baadhi ya vipande na kuondolewa katika vingine. Baada ya takribani miaka 20, palipotumika mbolea, samadi na mabua kwa pamoja ndipo palipokuwa na mavuno bora na mboji iliyopungua kidogo kuliko kwingine. Mbolea peke yake haikuweza kuuzuia udongo usichoke.

TINDIKALI, ADUI ASIYEONEKANA

Katika Nyanda za Juu Kusini liko tatizo jingine ambalo macho hayalioni haraka, nalo ni tindikali ya udongo. Mvua nyingi za miaka na mikaka zimesomba madini ya chokaa na magnesi kutoka katika udongo mwingi wa ukanda huu. Kila mavuno nayo huondoka na kiasi kingine. Aidha, mbolea zenyewe huongeza tindikali. Urea, DAP na hasa SA zinapobadilika ndani ya udongo huacha tindikali nyuma yake. CAN ina nafuu kwa kuwa imechanganywa na chokaa kiasi.

Wataalamu hupima hali hii kwa kipimo kinachoitwa pH, chenye ngazi kuanzia 0 hadi 14. Ngazi ya 7 ni ya katikati, na kadiri namba inavyoshuka ndivyo tindikali inavyoongezeka. Msomaji ajue kwamba kila ngazi moja ni mara 10, yaani udongo wenye pH 5 una tindikali mara 10 kuliko wenye pH 6. Mahindi hustawi vizuri kati ya 5.5 na 7.

Ikishuka chini ya 5.5, madini ya alumini ambayo kwa kawaida yamelala ndani ya udongo huanza kuyeyuka na kuidhuru mizizi. Mizizi hubaki mifupi na minene, haiendi mbali kutafuta maji wala chakula. Wakati huo huo fosforasi hukamatwa na chembe za udongo, mmea usiweze kuifikia. Hapo mkulima aliyenunua DAP kwa ajili ya fosforasi iliyomo amelipia kitu ambacho udongo umekifungia kabatini.

Dawa yake ni chokaa ya kilimo. Kiasi hutegemea majibu ya vipimo, lakini mashamba mengi yenye tindikali huhitaji kati ya tani moja na mbili kwa hekta, sawa na mifuko 8 hadi 16 ya kilo 50 kwa ekari. Chokaa husambazwa mwezi mmoja au zaidi kabla ya kupanda na kuchanganywa na udongo hadi kina cha sentimita 15 au 20. Isiwekwe pamoja na urea, DAP au samadi kwa wakati mmoja, kwa sababu huifanya naitrojeni itoroke hewani. Na isizidishwe, kwani chokaa ikipita kiasi huzifungia zinki na boroni. Ikiwekwa vizuri, faida yake huonekana kwa misimu kadhaa, hivyo gharama yake isihesabiwe kwa mwaka mmoja tu.

TULIFIKAJE HAPA?

Mazoea ya kutegemea mfuko yana historia. Katika miaka ya 1970 Serikali ilipanga bei moja ya mazao kwa nchi nzima, na pembejeo nazo zikauzwa kwa ruzuku. Mkulima wa Songea, aliye zaidi ya kilomita 900 kutoka bandari ya Dar es Salaam, aliuza mahindi yake kwa bei ile ile ya mkulima wa karibu na jiji. Kilimo cha mahindi ya mbegu bora na mbolea kikashamiri kusini.

Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1990 ruzuku ya mbolea iliondolewa hatua kwa hatua na biashara ikaachiwa watu binafsi. Umbali ukarudi kuwa mzigo wa mkulima. Wengi walipunguza mbolea lakini hawakupunguza kulima, na udongo ukaendelea kutoa bila kurudishiwa.

Ruzuku ilirudi. Kupitia vocha zilizosambazwa nchini kuanzia msimu wa 2008/09, mkulima alipata mbegu pamoja na mfuko wa urea na mfuko wa DAP, au badala ya DAP mifuko miwili ya mbolea ya Minjingu, kwa ekari moja. Bei ya mbolea ilipopaa duniani, Serikali ilizindua ruzuku nyingine jijini Mbeya katika sherehe za Nane Nane za mwaka 2022. Mfuko wa DAP uliokuwa ukiuzwa zaidi ya shilingi 130,000 ukauzwa shilingi 70,000 kwa mkulima aliyesajiliwa.

Ruzuku hizo zimewasaidia wengi na hakuna sababu ya kuzibeza. Lakini mfuko wa bei nafuu ukiwekwa kwenye udongo wenye pH 4.8 bado ni hasara, isipokuwa sasa hasara hiyo inagawanywa kati ya mkulima na hazina ya taifa.

Viongozi wa Afrika nao wamelitambua hilo polepole. Walipokutana Abuja, Nigeria, mwaka 2006, walizungumzia mbolea, wakaazimia kupandisha matumizi kutoka wastani wa kilo 8 za virutubishi kwa hekta hadi kilo 50 ifikapo 2015. Lengo halikufikiwa. Walipokutana Nairobi Mei 2024, mkutano ulibeba jina la mbolea na afya ya udongo kwa pamoja. Mbali na kuazimia kuongeza mara tatu uzalishaji wa ndani na usambazaji wa mbolea, walikubaliana kurudisha afya ya angalau asilimia 30 ya udongo uliochakaa. Maneno hayo, "afya ya udongo", ndiyo tofauti ya miaka 18.

Kwa Tanzania, kazi ya kuujua udongo haikuanza jana. Kituo cha Mlingano mkoani Tanga kilitoa mwaka 1984 mwongozo wa matumizi ya mbolea kwa kila mkoa na wilaya, na kuupitia upya mwaka 1993. Mwongozo wa wilaya ni msaada mkubwa, lakini wilaya moja ina milima, mabonde na historia tofauti za mashamba. Rungwe kuna udongo wa majivu ya volkano wenye mboji nyingi lakini unaoishika sana fosforasi. Ukiteremka kidogo au ukivuka mto, mambo hubadilika. Hata mashamba mawili ya mtu mmoja, moja nyuma ya zizi na jingine mlimani, hayafanani.

UTAALAMU ULIOPO NYUMBANI

Habari njema ni kwamba ukanda huu una mbinu zake za kulinda udongo, nyingine za mababu na nyingine za utafiti.

Mbinga mkoani Ruvuma, Wamatengo wamelima miteremko mikali kwa zaidi ya miaka 100 kwa kutumia ngoro. Mwishoni mwa masika nyasi hufyekwa na kulazwa kwa mistari inayokatana kama nyavu. Kisha udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kuzifukia nyasi hizo, hivyo hubaki mashimo yaliyozungukwa na matuta. Maharage hupandwa juu ya matuta, na msimu unaofuata hupandwa mahindi. Maji ya mvua hukaa ndani ya mashimo badala ya kuporomoka na udongo, magugu yaliyopaliliwa hutupwa humo yaoze, na nyasi zilizofukiwa hugeuka mboji. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) na wenzao wa Japan waliuchunguza mfumo huu katika miaka ya 1990 na kuthibitisha kwamba unazuia mmomonyoko na kutunza rutuba.

Kilomita chache kutoka Songea, wamisionari wa Peramiho walieneza marejea, mmea wa jamii ya kunde wenye maua ya njano, ambao ni ndugu wa mboga inayoitwa mitoo magharibi mwa Kenya. Marejea hukua haraka, hufunika magugu, na mizizi yake hushirikiana na bakteria kuvuta naitrojeni kutoka hewani. Ikikatwa na kufukiwa ingali mbichi, huwa mbolea.

Kyela, wakulima wa mpunga wa mlimani walikuwa wakisumbuliwa na kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mazao na kupenda udongo uliochoka. Watafiti wakishirikiana na wakulima wa huko na wa Matombo mkoani Morogoro walijaribu kupanda marejea kwanza, kisha mpunga ukafuata. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha mavuno kuongezeka na madhara ya kiduha kupungua. Mkulima anayeona kiduha shambani asiishie kung'oa tu. Gugu hilo ni barua kutoka kwa udongo.

Kuna pia mwamba wa fosfeti wa Minjingu mkoani Manyara. Mwamba huu uliosagwa huyeyuka vizuri zaidi katika udongo wenye tindikali, kinyume na DAP ambayo fosforasi yake huyeyuka haraka na kukamatwa. Wakulima wa awali waliulalamikia kwa kuwa ulikuwa unga unaopeperuka na kufanya kazi polepole. Baadaye kiwanda kikatoa mbolea za punje zilizoongezwa virutubishi vingine. Kwenye udongo usio na tindikali, hata hivyo, mwamba huo mtupu hauna faida kubwa. Hapo tena tunarudi kwenye kupima.

KINACHOKWAMISHA

Kama mbinu zipo, kwa nini hazienei? Jibu si kwamba wakulima ni wavivu au wabishi. Wanapiga hesabu, na hesabu zao zina sababu.

La kwanza ni umiliki wa ardhi. Mashamba mengi hulimwa kwa kukodi msimu mmoja mmoja. Nani ataweka mifuko 12 ya chokaa kwenye shamba ambalo mwakani mwenyewe anaweza kumpa mtu mwingine? Mpangaji hununua urea kwa sababu faida yake huivuna mwaka huo huo. Mwenye shamba naye hupokea kodi na kuuachia udongo uishe. Dawa ni mkataba wa maandishi wa miaka mitatu au minne, ukishuhudiwa na serikali ya kijiji, unaosema nani atalipia chokaa au samadi na kodi itapunguzwa kiasi gani. Mwenye shamba akumbuke kwamba udongo ndio nyumba yake ya kupangisha. Asipoukarabati, kodi itashuka.

La pili ni nguvu kazi. Ngoro ni kazi nzito, na kwa kawaida sehemu kubwa ya kuchimba na kufukia huwaangukia wanawake. Vijana wakienda mjini, mashimo hayachimbwi. Marejea nayo hushika shamba kwa msimu bila kuleta gunia la kuuza. Mwenye ekari moja na nusu hawezi kuipumzisha yote. Anaweza, hata hivyo, kuanza na robo ekari iliyochoka zaidi na kuhamia kipande kingine mwaka unaofuata.

La tatu ni soko. Mbaazi ni rafiki wa udongo: mizizi yake huenda chini sana na majani yake hudondoka na kuoza hapo hapo. Mwaka 2017 India, mnunuzi mkubwa, iliweka kikomo cha mbaazi zinazoingizwa nchini humo. Bei ikaporomoka, na wakulima wengi wa Tanzania wakabaki na magunia ndani. Mwaka 2021 India ililegeza masharti, lakini aliyeumwa na nyoka hushtuka akiona ung'ongo. Soya, ambayo China iliifungulia mlango kutoka Tanzania mwaka 2020, ni fursa nyingine kwa Ruvuma. Mkulima ajue tu kwamba soya huondoka na naitrojeni nyingi katika punje zake. Akiichukua pamoja na mabua yote, udongo hautapata kitu cha maana.

La nne ni samadi yenyewe. Tani moja ya samadi kavu ya ng'ombe ina kilo 10 hadi 20 tu za naitrojeni, na si yote inayopatikana msimu wa kwanza. Mwenye ng'ombe wawili hawezi kurutubisha ekari tano kwa samadi peke yake. Lakini akiifunika isipigwe na jua na mvua, kisha akaiweka ndani ya mashimo ya kupandia badala ya kuitawanya, na kuongezea mbolea ya dukani, kila shilingi aliyolipia mbolea itafanya kazi zaidi.

NAMNA YA KUCHUKUA SAMPULI

Majibu ya maabara hayawezi kuwa bora kuliko udongo uliopelekwa. Wakati mzuri ni baada ya mavuno, kati ya Julai na Septemba, ili majibu yarudi kabla ya mvua za Novemba.

Gawa shamba kwa jinsi linavyotofautiana: mteremko, bonde, udongo mwekundu, udongo mweusi. Kila sehemu iwe na sampuli yake. Tembea ukipinda kulia na kushoto, na uchukue udongo sehemu 15 hadi 20. Kwanguа majani ya juu, chimba hadi sentimita 20, kisha chota kipande chembamba kuanzia juu hadi chini. Epuka kichuguu, zizi la zamani, njia, chini ya mti na mahali palipowahi kulundikwa mbolea au majivu.

Changanya udongo wote kwenye ndoo safi ya plastiki isiyowahi kubeba mbolea. Punguza hadi ubaki kama kilo moja, uanike kivulini, uweke kwenye mfuko safi na uandike jina lako, kijiji, jina la shamba, zao lililovunwa na zao unalotaka kupanda. Kwa ukanda huu maabara iliyo karibu ni ya kituo cha TARI Uyole jijini Mbeya. Zipo pia za TARI Mlingano, Tanga, na SUA, Morogoro. Aidha, halmashauri nyingi zimepewa vifaa vya kupimia udongo vya mkononi, hivyo muulize afisa ugani wako. Kifaa hicho hutoa picha ya haraka. Kwa uamuzi mkubwa kama wa kununua chokaa ya shamba zima, maabara ni bora zaidi.

Majibu yakija, usiyaweke kabatini. Muombe mtaalamu akufafanulie mambo matatu: pH ni ngapi, mboji ikoje, na ni kirutubishi gani kinapungua zaidi. Rudia kupima baada ya miaka mitatu hivi.

Anayesubiri maabara aanze na jembe. Chimba shimo dogo baada ya mvua. Je, minyoo ipo? Mizizi inashuka au imepinda pembeni kwenye tabaka gumu? Maji yanazama au yanatuama? Majani ya mahindi machanga yana rangi ya zambarau kingoni? Hiyo ni dalili ya mmea kukosa fosforasi.

NAFASI YA MFANYABIASHARA

Afya ya udongo si kazi ya mkulima na mtafiti peke yao. Chokaa ni mzigo mzito wa bei ndogo, hivyo gharama yake kubwa ni usafiri. Miamba ya chokaa ipo bonde la Songwe, magharibi ya jiji la Mbeya. Lori linaloshusha mahindi likarudi na chokaa hupunguza gharama hiyo, na chama cha ushirika kinachoagiza kwa pamoja hupata bei ambayo mtu mmoja hawezi kuipata. Kabla ya kununua, muuzaji na mnunuzi wahakikishe ni chokaa ya kilimo, iliyosagwa laini. Chokaa iliyochomwa ya ujenzi ina nguvu zaidi na inaweza kuunguza ngozi na macho.

Wakala wa pembejeo naye ana nafasi. Anayemuuliza mteja "udongo wako ulipimwa lini?" kabla ya kumuuzia DAP huenda akauza mfuko mmoja pungufu leo, lakini mteja aliyevuna ndiye atakayerudi mwakani. Mbegu za marejea na bakteria wa soya ni bidhaa ambazo maduka machache huweka. Kijana mwenye baiskeli na ndoo safi anaweza kujipatia kipato kwa kuchukua sampuli za kijiji kizima na kuzipeleka Uyole kwa pamoja.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Shamba ni mali, na kila gunia linalotoka ni fedha iliyochotwa. Kabla mvua hazijaanza, mkulima na afungue daftari: aandike kilichotoka msimu uliopita, alichorudisha, na majibu ya vipimo vyake. Kisha ndipo aende dukani kuuliza bei ya mbolea.